MREJESHO: Istanbul na Bibi wa miaka 76

Wakuu, niliuliza kama ni busara kwenda Istanbul watu saba, Bibi na wajukuu ndani, kwa ziara ya kuongozwa. Tumerudi Dodoma juzi, wazima.

Treni ya SGR hadi Dar, raha tupu. Uwanja wa ndege, kiti cha magurudumu mlichoshauri tukakipata, Bibi akakikataa: "Kwani mimi mgonjwa?" Baada ya dakika kumi alikuwa amekaa, mjukuu anamsukuma.

Kosa letu ni siku ya kwanza. Hagia Sophia, kasri la Topkapi na Msikiti wa Sultan Ahmed, vyote kwa mpigo, na kiongozi wetu anatembea kama anakimbizwa. Vile vijimawe vya barabarani havimfai mzee. Msikitini, ule wenye minara sita, Bibi aliswali adhuhuri kisha akagoma: "Nendeni, mtanikuta." Kuanzia kesho yake tukagawana, vijana na kiongozi, wazee na feri ya Bosphorus, ule mlangobahari kati ya Ulaya na Asia. Alipoambiwa ng'ambo ile ni Asia, akauliza nauli ni shilingi ngapi.

Hoteli? Lifti ilikufa siku mbili, sisi ghorofa ya nne. Asubuhi zeituni na jibini, uji hakuna (nimelisikia hilo mpaka leo).

Aliyesema Bibi avae raba, zabibu zako ninazo hapa.