Naomba ushauri: mwanangu kamchora babu yake kwa uso wa kwenye Tintin

Mama Idrisa

Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linanisumbua wiki ya pili sasa, na kila ninayemwuliza hapa nyumbani ananiambia "hizo ni katuni tu, mwache mtoto". Naomba mnisome hadi mwisho.

Kaka yangu yuko Uingereza. Mwezi uliopita alitutumia mzigo, ndani mlikuwa na vitabu kumi na kimoja vya katuni za Tintin, yule kijana mwandishi wa habari anayezunguka dunia, vya mtumba, kwa Kiingereza. Mwanangu Idrisa ana miaka tisa. Tangu siku hiyo hana habari na televisheni. Analala kifudifudi sebuleni, kidevu kwenye mto, anasoma kile cha safari ya mwezini mpaka nimwinue kwa mkono aende kuoga. Namwelewa, maana mimi mwenyewe nilivikuta sekondari, vitatu tu, havina hata majalada, na tulikuwa tunavigombania.

Sasa ameanza kuchora. Ile roketi yenye miraba myekundu na myeupe kama ubao wa drafti ameichora mara nyingi sana, na kila mara inanyooka zaidi. Juzi akaniletea karatasi, amechora familia yetu. Yeye kajichora na kile kishungi cha nywele cha Tintin. Mimi nina macho ya nukta mbili, uso wa kawaida. Babu yake, yaani baba yangu mzazi tunayeishi naye, amemchora na midomo iliyojaza nusu ya uso, macho yametumbuka, mwili umepakwa weusi kama lami.

Nikamwuliza, "Babu yuko hivi?" Akasema, "Hapana mama, lakini watu weusi wanachorwa hivi." Akaenda kuniletea kitabu anionyeshe. Kile cha Kongo.

Baba hajaiona ile karatasi. Nimeikunja nimeiweka chini ya kanga kabatini. Naomba mnisaidie: nimnyang'anye hicho kimoja, nivifungie vyote, au nimwachie na nimweleze? Na mtoto wa miaka tisa unamweleza nini? Sitaki kumzimia hamu ya kuchora, maana sijawahi kumwona akitulia na kitu namna hii.

Kijana wa Ilala

Dada, hicho cha Kongo kitie moto leo leo. Mtoto ameshakwambia kwa mdomo wake kilichomwingia kichwani, unasubiri nini tena? Pole sana.

Wino Mweusi

Mama Idrisa, mimi nachora kwa kulipwa, mabango na vitabu vya watoto, na mkono wangu ulianzia hapo hapo alipo mwanao. Usichome kitu kwanza, nisikilize.

Uchoraji ule una jina, "mstari wazi". Mchoraji wa Kiholanzi, Joost Swarte, ndiye aliyeuita hivyo mwaka 1977, ingawa Hergé, mchoraji wa Tintin, ambaye jina lake halisi ni Georges Remi, alikuwa akiufanya Ubelgiji tangu miaka ya 1930. Mstari wa wino una unene uleule kwa mtu, kwa gari na kwa mlima. Rangi ni bapa, na vivuli ni haba mno. Uso wa Tintin ni duara, nukta mbili na kipua, lakini mtaa aliosimama umechorwa hadi vishikio vya milango. Mtoto anajiona mwenyewe kwenye ule uso mtupu, halafu anatembea kwenye mji unaoaminika. Ndiyo maana Idrisa haondoki sebuleni. Vile vitabu viwili vya mwezini vilitoka 1953 na 1954, miaka kumi na tano kabla binadamu hajakanyaga mwezi, na bado ukiviangalia unaamini kwamba ile mitambo inafanya kazi.

Ubaya wake umekaa palepale penye uzuri. Mstari unaochora kila kitu kwa uhakika uleule hauna namna ya kusema "hapa nabahatisha". Ukichora usichokijua, uongo unatoka safi kama ukweli. Kitabu cha Kongo kilianza kutoka kwa mfululizo 1930 kwenye nyongeza ya watoto ya gazeti la Kikatoliki la Brussels. Hergé alikuwa na miaka 23, hajawahi kufika Kongo wala hakuwahi kufika baadaye, na padri aliyeongoza gazeti ndiye aliyetaka watoto wa Kibelgiji waipende Kongo, koloni lao. Vitu alivitazama kwenye jumba la makumbusho la vitu vya Kongo lililoko Tervuren, karibu na Brussels. Watu hakuwatazama popote. Kwa hiyo vinyago na silaha vina sura zake, lakini watu wote wana uso mmoja. Mwombe Idrisa ahesabu nyuso tofauti za Waafrika mle ndani, ataona mwenyewe.

Kisha mpe kile cha China, *Lotus bleu* kwa Kifaransa, kama kimo kwenye mzigo. Miaka michache tu baadaye Hergé alikutanishwa na Zhang Chongren, kijana wa Shanghai aliyekuwa akisoma sanaa Brussels. Zhang akakaa naye, akamwonyesha jinsi ya kushika brashi, akamwandikia maandishi ya Kichina ya ukutani, na mle ndani maandishi yanasomeka kweli, mengine yanawahimiza watu wagomee bidhaa za Kijapani. Wachina wa kitabu hicho ni watu, kila mmoja na sura yake. Lakini angalia na Wajapani, wana meno ya kuchomoza. Wajapani hawakupata rafiki wa kuwasemea mezani kwake.

Zoezi langu kwako ni hili. Mkalishe Idrisa mbele ya babu yake, kalamu moja ya wino, karatasi moja. Asichore anachokumbuka, achore anachokiona. Aanze na sikio, maana sikio hakuna anayelijua kwa kichwa.

Mwana wa Lushi

Mama, salamu kutoka Lubumbashi. Hicho kitabu sisi tumekua nacho, kwa Kifaransa. Huyo mbwa wa Tintin, Snowy wenu wa Kiingereza, kwetu ni Milou.

Wakongo hatuna jibu moja juu yake. Kinshasa kuna mafundi wanachonga sanamu za Tintin kwa mti na kuzipaka rangi, wanauzia wageni, wanalisha watoto. Na kuna Mkongo mwenzetu anayeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, aliyekipeleka kitabu mahakamani 2007 akitaka kiondolewe sokoni, au angalau kiwekewe onyo. Mahakama ya Brussels ilimkatalia Februari 2012. Mimi nilikuwa upande wake kuhusu onyo.

Nikwambie linaloniuma. Katika toleo la kwanza la kitabu hicho, la 1931, Tintin anaingia darasani na kuwaambia watoto wa Kongo kwamba atawafundisha juu ya nchi yao, Ubelgiji. Mwaka 1946 kilipochorwa upya kwa rangi, maneno hayo yakafutwa, likawekwa somo la hesabu, mbili jumlisha mbili. Nyuso zile ziliachwa. Tena kuna ukurasa ambapo Tintin anamtoboa kifaru na kumlipua kwa baruti. Wachapishaji wa nchi za Skandinavia walilalamika, na 1975 Hergé akachora upya ukurasa mzima ili kifaru apone. Kifaru alipata mtetezi, ukurasa ukabadilika. Yule mama anayempigia magoti Tintin kwa sababu ya kidonge cha kwinini bado yuko palepale.

Mtafutie mtoto kazi za Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, ambaye aliwahi kupitia studio ya Hergé. Kile cha *Madame Livingstone* ni cha Kifaransa na ni cha wakubwa kidogo, lakini picha zinatosha kwa kuangalia naye. Ni vita vya 1915 kwenye Ziwa Tanganyika, Wabelgiji wakiiwinda meli ya Wajerumani, Graf von Götzen. Meli hiyo mnaijua nyinyi Watanzania: ndiyo MV Liemba ya Kigoma.

Pwani Tulivu

Dadangu, angalia pia kile cha Bahari ya Shamu. Mle kuna Waafrika Waislamu wanaokwenda Makka kuhiji, kumbe wamepakiwa wauzwe utumwani. Tintin na rafiki yake Kapteni Haddock wako upande wao, na nia ya hadithi ni njema. Lakini wameandikwa kama watu wasioelewa hatari hata wakielezwa, na Kifaransa chao kilikuwa cha kuvunjikavunjika mpaka kikarekebishwa 1967. Nilikisoma Mombasa nikiwa darasa la saba. Nilifurahi kuona mahujaji kwenye katuni, na furaha ikaniishia ukurasa uleule. Wino Mweusi amesema kweli, ila asifikiri shida iko kwenye kitabu kimoja. Na binti zetu je? Kati ya vitabu vyote hivyo, mwanamke mwenye nafasi ni Castafiore, yule mwimbaji, na kazi yake kubwa ni kuwachosha wanaume kwa sauti yake.

Mwalimu wa Nne B

Nafundisha watoto wa umri huo. Mama, usikichome na usikiache rafuni pamoja na vingine. Uingereza kwenyewe toleo la rangi la 2005 lilitoka na dibaji ya kutahadharisha, na lilizungushiwa ukanda wa karatasi. Ukanda wa mtumba umeshapotea, na dibaji mtoto wa miaka tisa hasomi. Weka juu kabatini, mwambie wazi umekiweka wapi na kwa nini, na mkisome pamoja akitaka. Mtoto akifichiwa kitabu bila neno, atadhani kosa ni lake.

Maneno ya kumwambia yawe machache: aliyechora hivi hakuwa amemwona babu yako. Basi. Mengine atauliza.

Mama Idrisa

Wadau, nimerudi. Asanteni sana, mmenitua mzigo.

Nilifanya alivyosema Mwalimu, neno kwa neno. Idrisa alinyamaza, kisha akauliza, "Kwa nini hakwenda kumwona?" Nikamwambia ndivyo tunavyopaswa kumwuliza. Akazihesabu mwenyewe nyuso za kile kitabu cha Kongo kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Kile cha China hakikuwemo kwenye mzigo, kaka ameahidi kukitafuta.

Jumamosi baada ya alasiri nikamkalisha barazani na babu yake. Baba alivaa kanzu, ingawa hakuna aliyemwomba. Idrisa alianza na sikio kama Wino Mweusi alivyoelekeza, akakosea, akageuza karatasi. Sikio la pili likamtoka vizuri, na kale kakovu ka utotoni akakaweka. Kisha akafika kwenye kofia. Ni kofia ya viua, aliishona marehemu mama kwa mkono, na mtoto akataka kuchora kila kiua. Alitumia karibu saa nzima kwenye kofia peke yake, ulimi nje, anasema, "Babu, usigeuke, nimepoteza mstari." Baba hakugeuka hata adhana ya magharibi ilipoanza kusikika, mpaka nilipowaambia waamke.

Mdomo ni mstari mmoja, umepinda kidogo kushoto. Ndivyo baba anavyokaa akijizuia kucheka. Sikuwahi kukiona kitu hicho miaka yote hii.

Ile karatasi ya kwanza bado iko chini ya kanga. Hii ya pili baba ameichukua chumbani kwake, na leo asubuhi nimemkuta uani anafuta vumbi kwenye baiskeli yake, anauliza Idrisa atarudi shule saa ngapi.