Naomba ushauri: mfupa wa mguu umebaki wazi baada ya ajali

Ndugu zangu, salaam kutoka Tanga. Nawaandikia kwa heshima, hasa wahudumu wa afya na waliowahi kuuguza mgonjwa wa namna hii.

Mdogo wangu aligongwa na lori akiwa kwenye bodaboda karibu na Muheza. Muundi ulivunjika ukatokeza nje, na ngozi ya mbele ikachunika. Amesafishwa kidonda katika chumba cha upasuaji, nyama iliyokufa ikaondolewa, akafungwa vyuma vya nje, na anaendelea na dawa za kuzuia maambukizi. Homa hana, vidole vina joto na anavichezesha. Hata hivyo, bandeji ilipobadilishwa niliuona mfupa wenyewe, mweupe na mkavu, upana wa vidole viwili, juu kidogo ya kifundo.

Daktari ametueleza kwamba ngozi ya kupandikiza kutoka pajani haishiki juu ya mfupa uliopoteza utando wake, kwa hiyo inahitajika nyama au ngozi yenye mishipa yake ya damu, na kwamba huku chini kazi hiyo ni ngumu kuliko karibu na goti, ambako nyama ya shavu la mguu hugeuzwa ikafunika. Ameshauri twende Muhimbili. Baba anataka tungoje kidonda kijae chenyewe. Mimi naogopa mfupa utaoza.

Je, tukichelewa wiki kadhaa kuna hatari gani? Na aliyefanyiwa upasuaji huo alikaa muda gani kabla ya kuruhusiwa kukanyaga?