Nikitakiwa kuamua jambo zito la biashara naganda. Naombeni ushauri

FundiKimya (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nina karakana ya samani yenye mafundi sita. Kazi naijua, wateja ninao, na madeni sina. Shida yangu ni moja tu: nikitakiwa kuamua jambo lenye uzito, naganda.

Chanzo nakijua. Miaka mitatu iliyopita nilinunua shehena ya mbao kwa bei ya kutupa. Muuzaji aliapa kwamba zimekauka. Nikatengeneza meza 40 za mteja mmoja, vanishi ikang'aa, tukapiga na picha. Haikupita miezi miwili mteja akanipigia simu. Nilipofika nikakuta ubao wa juu umejikunja kama kigae, na kwenye maungio kuna pengo ambalo kucha yangu ilizama. Ya pili vivyo hivyo, ya tatu vivyo hivyo. Nilizirudisha zote na kuzitengeneza upya kwa fedha zangu. Mafundi wawili niliwaachisha kazi kwa kuwa sikuwa na cha kuwalipa, na mmoja wao tulianza naye siku ya kwanza.

Sasa kuna mteja anataka viti 120. Anatoa malipo ya awali asilimia 40, kilichobaki akishapokea mzigo wote. Ili nimalize kwa wakati nahitaji mashine ya pili ya randa. Hii ni wiki ya tatu natunga ujumbe wa kukubali, naufuta. Natunga wa kukataa, naufuta. Ijumaa ndiyo mwisho. Na ugonjwa umeshuka hadi kwenye mambo madogo: juzi fundi kaniuliza tupake vanishi ya rangi gani, nikamwambia nitakujibu. Sijamjibu hadi leo.

Mliopita hapa mlipitaje?

Nahodha77

Pole mkuu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kubali hiyo oda, mengine yatajipanga yenyewe.

MamaDaftari

Nahodha, kwa hili tusimsukume. Kunguru mwoga hukimbiza bawa lake, na hofu ya huyu ndugu yetu huenda imeona kitu.

FundiKimya kaka, nikuulize kama mtu ninayeshika vitabu vya hesabu vya watu wengine kila siku. Malipo ya awali ni asilimia 40. Je, mbao, vitambaa, gundi na mishahara ya kazi hiyo vinakula asilimia ngapi ya bei yote? Kama ni 65, maana yake asilimia 25 unamkopesha mteja kutoka mfukoni mwako, na juu yake unanunua mashine. Akichelewa kulipa miezi mitatu, karakana inasimama au inaanguka? Hilo ndilo swali, na linajibika kwa kalamu kabla hujalala leo.

Halafu tenganisha maamuzi yako. Kuna yale ya maji yaliyomwagika: ukishafanya, hayazoleki. Na kuna yale ya nguo iliyoshonwa kwa mkono: ukikosea unafumua, unashona tena. Kununua mashine kwa fedha yako yote ni la kwanza. Kukodi mashine hiyo kwa mwezi mmoja ni la pili. Rangi ya vanishi ni la pili kabisa, maana unapaka kwenye kipande cha ubao, unatazama, unabadilisha. Wewe umeyabeba yote kwenye kichwa kimoja kwa uzito mmoja, ndiyo sababu hata la vanishi linakulemea.

FundiKimya

Dada, nimekaa na kalamu. Gharama ni asilimia 62. Sikuwahi kuiandika hivyo. Miezi mitatu bila malipo siwezi, miezi miwili naweza kwa taabu.

Ila niseme ukweli. Hata namba zikiwa nzuri, moyo unakataa. Naiona ile meza.

Tafakuri

Hilo nalo lina maelezo, wala si udhaifu wako peke yako. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba uchungu wa kupoteza humwelemea mtu kuliko furaha ya kupata kiasi kilekile. Vipimo vyao vya baadaye viliweka uchungu huo kwenye takriban mara mbili. Kwa hiyo ukiweka faida ya viti upande mmoja wa mizani na ile meza upande wa pili, jua mizani yenyewe imeshainama kabla hujaanza kupima.

Kuna kisa cha wakuu wa Intel, kampuni ya kutengeneza chipu za kompyuta, kilichonisaidia mimi. Mwaka 1985 biashara yao ya chipu za kumbukumbu ilikuwa inazama kwa ushindani wa Wajapani, na walikuwa wamevutana kwa muda mrefu bila kuamua. Andy Grove akamuuliza mwenzake Gordon Moore: sisi tukiondolewa, akaletwa bosi mpya, atafanya nini? Moore akajibu kwamba ataachana na chipu hizo. Grove akasema, basi kwa nini tusitoke mlangoni, tukarudi ndani, tukafanya hivyo wenyewe? Wakafanya.

Jiulize hivyohivyo. Karakana yako ikikabidhiwa kesho kwa fundi mzuri ambaye hakuwepo siku ya zile meza, atamjibu nini huyu mteja?

FundiKimya

Atakubali, lakini si kwa masharti haya. Ajabu, jibu limenitoka hapo hapo.

SeremalaMzee

Mwanangu, nimesoma yote nikisubiri mtu akuulize kuhusu hizo mbao, hakuna aliyeuliza. Zilikuwa na unyevu kiasi gani?

FundiKimya

Mzee, sikupima. Niligonga kwa kidole nikasikiliza mlio, kama nilivyofundishwa.

SeremalaMzee

Basi nisikilize. Mti uliokatwa karibuni una unyevu unaozidi asilimia 30. Ubao ukishuka chini ya hapo ndipo unapoanza kusinyaa, na husinyaa kwa upana, kwa urefu karibu hausogei kabisa. Ndiyo maana ubao wako wa juu ulijikunja na maungio yakaachia, lakini sidhani kama ulikuta meza iliyopungua urefu. Samani za kukaa ndani zinataka ubao wa asilimia 12 kushuka chini, kutegemea ukavu wa hewa ya pale zitakapowekwa. Kidole hakiwezi kusikia tofauti ya 12 na 20. Mimi nina miaka zaidi ya arobaini kwenye kazi hii na hakiwezi.

Kuna kipima unyevu, kidude cha kushika mkononi chenye sindano mbili. Unachoma kwenye ubao, kinakupa namba. Pima katikati ya ubao, usipime kwenye ncha, maana ncha hukauka kwanza na itakudanganya. Ukipata ubao mnene, ukate kipande upime na ndani yake.

Sasa fikiri vizuri. Miaka mitatu umekuwa ukijiambia "mimi nikiamua, watu wanapoteza kazi". Mbona uamuzi wa kuchukua kazi ya meza 40 ulikuwa sawa? Mteja alikuwepo, mafundi walikuwepo, bei ilikuwepo. Kilichokosekana ni kipimo kimoja cha nusu dakika kwa kila ubao. Umeliogopa jambo ambalo halikukuumiza, na lililokuumiza hujalirekebisha: hadi leo huna kipima unyevu, sivyo?

FundiKimya

Sina, mzee. Nimesoma ujumbe wako mara nne.

MamaDaftari

Ahsante mzee wangu. Naongeza dogo tu. Kesho asubuhi waite mafundi wote sita, waambie: "Tuseme tulikubali viti 120 na kazi ikaharibika vibaya. Kila mmoja aandike sababu." Mwanasaikolojia Gary Klein alieleza njia hii mwaka 2007 kwenye jarida la Harvard Business Review. Uzuri wake ni kwamba fundi ambaye huwa anaogopa kukupinga anapata ruhusa ya kusema anachokiona. Hao walioona wenzao wakiondoka nao wana hofu, na umeibeba peke yako muda mrefu mno.

FundiKimya

Wakuu, mrejesho. Leo Alhamisi.

Tumekaa. Watatu waliandika mbao. Mmoja aliandika mteja kuchelewa kulipa. Mdogo kuliko wote aliandika kwamba kibano cha gundi kimoja kimelegea wiki nyingi na anaogopa kuniambia kwa sababu ninaonekana nina mawazo. Kimetengenezwa leo.

Mteja nimemjibu: viti 40 kwanza, malipo ya awali asilimia 65, awamu inayofuata inaanza nikishalipwa ya kwanza. Mkono ulitetemeka nikibonyeza kutuma. Amejibu baada ya saa mbili, anataka 60 kwa asilimia 60. Nimekubali palepale bila kuufuta ujumbe. Randa nimekodi.

Kipima unyevu nimekipata jioni. Nimepita rundo zima nikichoma katikati, kama mzee alivyoelekeza: 11, 12, 11, 10, 12. Ubao mmoja, mzuri kuliko yote kwa macho na kwa mlio wa kidole, umesoma 21. Nimeuweka pembeni na kuuandika namba kwa chaki.

Fundi wa vanishi nimemjibu pia. Kahawia iliyokoza.