Nimebakiza wiki moja kusafiri na kila mtu ananitaka. Nigawe vipi siku hizi?

Mjukuu wa Mlalo (Ijumaa, saa 4 usiku)

Habari za usiku ndugu zangu. Naombeni mawazo yenu, maana kichwa kimejaa na usingizi hauji.

Ijumaa ijayo usiku napanda ndege kwenda Ujerumani, mji wa Leipzig, kusoma shahada ya pili. Miaka miwili. Viza imetoka juzi tu, baada ya kuisubiri mpaka nikaanza kukata tamaa, ndiyo maana mambo yote yamebanana ndani ya siku hizi chache.

Nina miaka 28, naishi Tabata, Dar, kwa mama. Baba alifariki mwaka 2021. Nimelelewa na bibi mzaa mama kule Lushoto, kijiji cha njia ya kwenda Mlalo, mpaka nilipomaliza darasa la saba.

Hali iko hivi. Rafiki zangu wa chuo wameshachanga, wanataka kesho tuwe Kigamboni kutwa nzima. Mama anasoma dua Jumapili, kina mama wa mtaa wameshaalikwa na mchele umeshanunuliwa. Kazini wanataka kuniaga Jumatano. Shangazi yuko Tanga mjini, amesema nikiondoka bila kufika kwake nisimwite shangazi tena. Baba mkubwa yuko Muheza. Huyu hatuongei tangu ugomvi wa shamba la michungwa aliloacha baba. Na bado sijafunga hata begi moja.

Halafu kuna bibi. Bibi ameshapita miaka 80. Anajua naenda kusoma, lakini anadhani ni Dodoma. Mama anasema tusimwambie, presha itapanda, atajua taratibu nikishafika. Kila nikifikiria hilo nakosa amani. Naweza kupiga hesabu za siku zote hizi, ila hapo kwa bibi ndipo ninapokwama kabisa. Nimwambie au nimtii mama?

---

Mkazi wa Chuda

Hongera sana dada. La safari mimi naweza kukusaidia, hiyo barabara naijua.

Usiende Tanga na Lushoto kwa safari mbili tofauti, utakufa na uchovu. Jumatatu panda basi la alfajiri pale Mbezi, shuka Mombo, chukua gari ndogo za kupandisha mlimani. Kutoka Mombo mpaka Lushoto mjini ni kilomita 30 na kitu, lakini kona ni nyingi, usile sana kabla. Ukipata gari ya kuunganisha, magharibi uko kwa bibi. Lala huko. Jumanne teremka, rudi mpaka Segera, ukate kwenda Tanga. Muheza iko njiani, hata kama hushuki utaipita tu. Lala kwa shangazi, Jumatano asubuhi urudi Dar. Ya kazini waombe wasogeze iwe Alhamisi mchana, watakuelewa.

---

Mama Wawili

Mwanangu, mweleze bibi yako. Mama yako anasema kwa mapenzi na mimi nisingependa umvunjie heshima, kwa hiyo kaa naye kwanza, mwombe ruhusa, usimzunguke. Lakini mtu mzima wa miaka 80 amezika wazazi, amezika mume, pengine na watoto. Safari ya mjukuu haiwezi kumshinda. Kitakachomuumiza ni kuisikia kwa jirani.

Na kama ana presha kweli, nenda naye zahanati asubuhi apimwe, hakikisha dawa zake zipo za kutosha. Hiyo itamtuliza mama yako kuliko maneno.

---

Baharia wa Muscat

Dada yangu, mie nitasema langu moja tu.

Nilipoondoka Unguja kuja Oman nilimficha bibi. Tuliambiana ndani ya nyumba kwamba tumwambie nipo Dar, nashughulika na biashara. Akawa kila Ijumaa ananiwekea chakula, anasema huenda leo boti ya jioni ikamleta. Nayajua haya kwa sababu dada yangu alikuwa akinipigia simu analia. Mwezi wa nane bibi akafariki. Sahani yangu ilikuwa bado imefunikwa kawa.

Nenda ukamwambie. Mshike mkono, mwambie jina la nchi, mwambie utarudi lini.

---

Binti Kinondoni

Poleni nyote, Baharia umenitoa machozi.

Mimi naongezea upande mwingine. Dada, wewe ni mtu mmoja. Naona marafiki na dua ya mama ungeviunganisha: waambie marafiki waje Tabata Jumapili jioni baada ya kina mama kuondoka, pilau lipo, hiyo michango yao wakupe ikusaidie kuanza maisha. Kesho Jumamosi iache iwe siku ya mabegi na makaratasi. Wenzangu wawili wamesafiri huku wamesahau vyeti kwa sababu ya kuagwa kila siku.

Na huyo baba mkubwa mwache. Ugomvi wa shamba hauishi kwa dakika 20 za kushuka kwenye basi. Utakwenda kuamsha maneno, uondoke na kinyongo kipya.

---

Mzee wa Korogwe

Binti Kinondoni, nakuheshimu lakini hapo sikubaliani.

Mjukuu, kumuaga mtu siyo kukubali kwamba alikuwa na haki. Shamba likae pembeni. Ukifika, ukiwa bado mlangoni, sema: "Baba mkubwa, nimekuja kuaga, nasafiri, naomba dua yako." Basi. Akianzisha habari za michungwa, mwambie hayo nimewaachia wakubwa. Usikae kula kama hutaki, ila maji upokee unywe. Beba sukari kilo mbili na majani ya chai, usiende mikono mitupu. Huyu ndiye aliyebaki mahali pa baba yako, na likitokea jambo ukiwa huko ndiye watakayemfuata kwanza.

Ila usiende peke yako. Shangazi yako aje na gari za asubuhi mkutane Muheza. Mbele ya dada yake hatapandisha sauti.

---

Niko Halle

Hujambo dada, tutakuwa majirani, Halle na Leipzig ni mwendo mfupi wa treni. Nina mwaka wa pili huku. Wenzangu wamekushauri ya familia, mimi nikupe ya begi.

Makaratasi yote halisi yakae kwenye mkoba wa mkononi: pasi, barua ya chuo, vyeti, cheti cha kuzaliwa, mkataba wa chumba, bima. Yapige picha pia umwachie mama. Ile pesa uliyoifungia kwenye akaunti kwa ajili ya viza, euro 992 kwa mwezi, usidhani utaikuta siku ya kwanza. Mpaka ufungue akaunti ya benki huku, na baadhi ya benki zinataka kwanza karatasi ya kujiandikisha makazi manispaa. Kujiandikisha kwenyewe unatakiwa uende ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na mwenye nyumba lazima akupe barua. Kwa hiyo njoo na pesa taslimu ya kula ya mwezi mzima. Hiyo michango ya marafiki hapo ndipo mahali pake.

Chakula: nyama na maziwa hairuhusiwi kuingia nayo, hata iwe ya kukausha, watatupa. Dagaa na samaki wakavu hawana shida. Embe hapana, ila nanasi, ndizi, nazi na tende zinaruhusiwa. Mbegu za kupanda usibebe, zinataka cheti cha afya ya mimea. Pawabenki weka mkoba wa mkononi, kwenye begi kubwa hairuhusiwi. Koti zito katafute soko la Karume, utapata zuri la mtumba kwa bei ambayo huku hununui hata kofia.

Na laini yako ya simu usiiache ife. Benki yako ya nyumbani itatuma namba za siri kwenye laini hiyo hiyo. Washa huduma ya kutumia nje ya nchi kabla hujaondoka, ujaribu.

---

Mjukuu wa Mlalo (Jumamosi, saa 1 usiku)

Sijui niwashukuru vipi. Leo marafiki wameelewa, wanakuja kesho Tabata. Kazini wamekubali Alhamisi. Koti nimepata Karume, la bluu, zito kweli.

Nimekaa na mama jikoni nikamsomea ya Baharia. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kuchambua mchele, mwisho akasema, "Nitakwenda na wewe." Kwa hiyo tunapanda basi wote Jumatatu.

Niko Halle, swali moja: bibi ana kitochi. Nitampigiaje?

---

Niko Halle

Kupiga moja kwa moja kwenye kitochi ni ghali. Tafuta binamu au jirani mwenye simu janja karibu na bibi, mtumie bando kila mwezi, mpange siku na saa. Panga saa ya bibi, siyo yako. Sasa hivi huku tuko nyuma yenu saa moja, mwisho wa Oktoba itakuwa saa mbili. Ukimaliza darasa saa kumi na moja jioni bibi ameshaswali magharibi.

---

Mjukuu wa Mlalo (Ijumaa, saa 2 usiku)

Naandika nikiwa uwanja wa ndege, jengo la tatu. Nimeona si vizuri kuondoka bila kuwaambia ilivyokwenda.

Bibi tulimwambia Jumatatu usiku, tukiwa tunaota moto. Mama ndiye aliyeanza, akashindwa, nikamalizia mimi. Hakulia. Aliuliza, "Huko kuna baridi kama ya hapa mwezi wa saba?" Nikamwambia inazidi, maji yanaganda. Akauliza nani atanikokea moto. Nikamweleza kuna mabomba ya moto ukutani, akaomba nirudie, nikarudia. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole, siyo miaka: vuli hii inayokuja, masika, vuli nyingine, masika nyingine. Alishika vidole vinne akanionyesha. "Ni hivi tu?" Nikasema ni hivyo tu bibi. Presha yake tulipima asubuhi, nesi akasema iko vizuri, dawa aendelee nazo.

Binamu yangu wa nyumba ya pili ndiye mwenye simu. Tumeshapanga, Jumamosi jioni.

Mzee wa Korogwe, nilikwenda. Shangazi alitangulia kama ulivyosema. Baba mkubwa alitoka nje, aliposikia Ujerumani alikaa kwenye benchi. Hakuna aliyetaja shamba. Aliniombea dua amesimama, mkono wake kichwani kwangu, na sauti yake kwenye dua ni ya baba kabisa, sikuwa nimewahi kuligundua hilo. Binti Kinondoni, nakiri niliogopa kama ulivyoogopa wewe, na kama ningekuwa peke yangu nisingeshuka kwenye gari.

Bibi alinipa maharage kilo mbili, yale ya madoadoa, akasema nikayapande huko niyaone yakitambaa. Sikuweza kumwambia hayaruhusiwi. Jana usiku mama aliyapika kwa nazi, tukala sisi wawili, mengine yamebaki kwenye kopo jikoni Tabata mpaka nirudi.

Begi moja limesoma kilo 22 na nusu, la pili 23 kamili. Niko Halle, nitakutafuta nikishapata laini ya huko. Mama yupo nje ya kioo bado, ananipungia, nataka nimpungie mpaka watuite.