Mota yenye VFD mgongoni, au VFD ya ukutani?

Msimamizi wa jengo, Tanga
Wakuu, habari za saa hizi. Pampu yetu ya kupandisha maji ina mota ya fezi tatu, kilowati 2.2, ila umeme wa jengo ni fezi moja. Muuzaji anataka ninunue mota iliyofungwa VFD (kifaa cha kubadili kasi ya mota, kinachogeuza pia fezi moja kuwa tatu) juu yake, pale linapokaa boksi la waya. Fundi wangu anataka VFD ya ukutani, chumba cha umeme, kama mita 40 kutoka kwenye pampu. Nimsikilize nani?

Fundi mota
Mkuu, umbali usikutishe sana. VFD hukatakata volti maelfu ya mara kwa sekunde, na kwenye kebo ndefu mapigo hayo yakifika kwenye mota yanaweza kukaribia mara mbili. Umeme wa volti 230 ndani ya VFD huwa kama 325 za DC, mara mbili yake ni kama 650, mota nzuri inavumilia. Ingekuwa 400 yangepita 1,100, hapo vanishi inayokinga waya za koili inaumia, na mota yenye VFD yake ingekuwa mkombozi.

Kwako kesi ni joto. Kapasita za VFD (vihifadhi chaji vya ndani), kila nyuzi 10 zikiongezeka, maisha yake hupungua karibu nusu. Ukiiweka juu ya mota inakula na joto la mota, tena zikipozwa na feni moja ya shafti, ukipunguza kasi na upepo unapungua. Pampu imekaa wapi?

Msimamizi wa jengo, Tanga
Nje, chini ya bati, jua la mchana linapiga.

Fundi mota
Basi fundi wako yuko sahihi. Weka ukutani, kebo yenye wavu, wavu uende ethi pande zote mbili. Ingekuwa chumba chenye hewa na kivuli ningekuambia chukua ya muuzaji bila kusita, maana kazi ya waya inaisha siku hiyohiyo.

Ila nakuomba sana, fungueni kifuniko cha mota. Kibao kikisoma 230/400, funga delta (muungo wa koili kwa volti 230): vibati vitatu sambamba, kila kimoja kinashika skrubu ya juu na ya chini. Pampu nyingi nazikuta zimeachwa star, yaani muungo wa volti 400. Inazunguka vizuri, ikibeba maji inakwama, lawama anapewa VFD.

Mwanafunzi wa umeme
Na breka ya umeme? Kilowati 2.2 kwa fezi moja si ni ampia kama 10?

Fundi mota
Hapana mdogo wangu, VFD hiyo upande wa kuingia huweza kuvuta zaidi ya 20. Soma kitabu chake kabla ya kununua breka na waya.