MREJESHO: Barbados tumeenda, tumerudi salama

Wakuu, niliuliza kama twende Barbados, kile kisiwa cha Karibi, Septemba kwa kuwa tiketi kutoka London zilikuwa nafuu. Mlinikataza: Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga. Tukasubiri Februari, na nawashukuru kwa dhati.

Dola 1 ya Marekani ni dola 2 zao, hesabu rahisi. Gari hatukukodi, daladala zao, ZR, zilitutosha. Carlisle Bay tuliogelea na kasa, mke wangu akatoa machozi. Ufukwe wa Bathsheba tulitazama tu, mawimbi yale ni makali mno. Ijumaa usiku tukala samaki wa kuchoma pale Oistins, mji wa wavuvi. Na cou-cou jamani! Ni ugali wa mahindi uliosongwa na bamia, nilijihisi nipo kwa mama.