Mrejesho: Igizo letu la saratani ya mlango wa kizazi

Wakuu, habari zenu. Niliomba ushauri wa kuwafikia kina mama wa kijijini kwetu, maana hotuba za saratani zimewachosha. Mlioniambia tuigize, kisha tusimamishe mchezo katikati watazamaji waamue kinachofuata, asanteni sana.

Tulicheza gulioni. Mke anatokwa damu kila baada ya tendo la ndoa. Mume anasema karogwa, wifi anataka mganga. Hapo tukasimama. Bibi mmoja akainuka mwenyewe, akamtimua yule mume (mwigizaji alitoka nduki kweli!), akamshika mke mkono hadi "zahanati". Watu hawana mbavu.

Nesi naye akaeleza kipimo: unapakwa siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi, penye mabadiliko panageuka peupe, dakika chache umemaliza. Wengi walidhani unapasuliwa!

Kina baba ndio waliong'ang'ania kuipinga chanjo ya HPV (kirusi kinacholeta saratani hii), ambayo nchini Tanzania mabinti wanapewa tangu 2018. Eti inaleta ugumba. Nesi alikanusha, ila minong'ono bado ipo. Igizo lijalo tunaliandika juu ya uvumi huo.